Kidole cha Mama Aikaeli

Glovu ya mkono wa kulia ilikataa kuingia. Ya kushoto iliingia vizuri, nyeupe, na utepe wake pale kwenye kifundo, lakini ya kulia ilifika kwenye kidole kidogo ikagoma. Tulikuwa wanawake watano tumemzunguka Mama Aikaeli. Tumeshamwosha, tumeshamvalisha gauni, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri mle chumbani, ndio maana nilipewa kiti. Nje turubai limeshafungwa, kwaya inajaribu sauti, sufuria zinagongana. Mjukuu mmoja wa shemeji yake, anaitwa Upendo, mtoto wa mjini, kucha ndefu, akakishika kile kidole akawa anakinyoosha kwa nguvu. "Kimekakamaa," anasema. Nikamwambia, mwanangu, hicho hakikukakamaa leo, hicho kimekunjika hivyo tangu hujazaliwa. Akasema, "Ahaa, ndio ule ubishi wake wa dawa? Si wanasema bibi aligoma kumeza dawa za hospitali, ndio akalemaa." Wenzake wakaitikia, mhm, bibi alikuwa mbishi. Aikaeli mwenyewe, binti wa marehemu, alikuwa anamchana mama yake nywele, akaendelea kuchana. Na mimi nikanyamaza. Kwa jambo hilo nimenyamaza miaka zaidi ya thelathini. Mtu akiniona ninavyopenda kuongea, hawezi kuamini kama kuna kitu nimewahi kukikalia muda wote huo.

Ngoja niwaambie ule mwaka. Habari za nilikozaliwa na baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi niziache, hazina utamu. Mjue tu kwamba mimi ni Mwarusha wa Olasiti, naitwa Naishiye, watu wananiita Nai, shule niliishia la nne, na mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu, mtoto wangu wa kwanza nimemwacha kwa mama yangu, natafuta kazi. Ilikuwa enzi za ruksa. Maduka tuliyozoea kuona chumvi na viberiti, ghafla yamejaa sabuni za kunukia na redio za kila rangi, na mitumba pale soko la Tengeru imemwagwa chini kama majani ya ng'ombe. Nikapekua, nikapata koti la kizungu, jekundu, vifungo vya dhahabu, zito kama godoro. Basi nikapanda nalo mlimani jua la saa sita, njia yenyewe mnaijua, unaona kisigino cha aliye mbele yako usawa wa pua. Nilipofika kwa Mama Aikaeli, juu ya Nkoaranga huko, jasho linanitiririka mpaka magotini. Akaniangalia, akaliangalia koti, akasema, "Wewe umekuja kazini au umekuja kufungua bunge?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Akanipa kata ya maji, nikabaki pale mwaka mzima.

Alikuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Nikifumba macho hata sasa nakiona kile chumba chake cha kupikia: mbao zimekuwa nyeusi na moshi, juu ya jiko kuna dari la fito ambako ndizi zinaiva, na harufu ya ndizi mbivu na moshi na ulezi ulioota inakuingia mpaka kwenye nguo za ndani. Asubuhi tunachemsha ndizi kwenye pipa, mchana tunakamua na kuchuja, halafu unachanganywa uji wa kimea. Mkono wake wa kulia ndio uliokuwa mizani ya kila kitu. Anaingiza kata, anainua, anamimina taratibu, anaangalia unavyoshuka. "Huu bado," anasema. Au, "Huu umeshajua unakokwenda." Chakula tulikula palepale jikoni, mimi na yeye na Aikaeli aliyekuwa na miaka minane hivi. Siku moja machalari, zile ndizi za nyama, siku nyingine mimi nawapikia loshoro ya kwetu, mahindi na maziwa ya mgando, na Mama Aikaeli anailalamikia akiwa anaongeza sahani. Wanywaji walikaa nje, mabenchi mawili marefu chini ya bati, migomba imewazunguka. Wenye kahawa, wachoma mkaa, fundi baiskeli, wazee wa kanisa ambao Jumapili wanajifanya hawatujui.

Sasa, penye pombe pana ngumi. Lakini kwa Mama Aikaeli ngumi zilikuwa hazifiki mbali, na jinsi alivyozizima ndiyo sehemu ya hadithi hii ninayoipenda kuliko zote. Nakumbuka siku Zakaria na Ndewirwa walipogombana kwa sababu ya mpaka. Huku mlimani mpaka ni mstari wa masale, ile miti yenye majani marefu, na Zakaria alisema mwenzake ameng'oa miti miwili usiku akaipanda upande wa pili. Wakashikana. Shati la Zakaria likachanika. Basi pale palikuwa na mtu mmoja anaitwa Loti, yeye mwenyewe hajawahi kupigana maisha yake yote, lakini hakuna ugomvi uliomkosa. Akaokota kipande cha shati, akapanda juu ya benchi, akawa anakipunga: "Tazameni! Tazameni wenyewe alichofanyiwa mtu hapa! Jamani mnaona?" Kila anayekiona kile kitambaa anasimama. Waliokuwa wawili wakawa sita, sita wakawa kumi, na hakuna tena aliyekumbuka masale. Mimi nikachukua mwiko mkubwa nikataka kwenda kuwatenganisha. Mama Aikaeli akanishika gauni. "Unakwenda wapi? Ukapigwe wewe?"

Akatoka. Hakwenda kwa Zakaria, hakwenda kwa Ndewirwa. Alikwenda kwa Loti. Akamshika kiuno kama mtu anayeshusha mtoto kutoka mtini, akamnyang'anya kile kitambaa, akakitia kifuani, akamkalisha, na yeye mwenyewe akakaa ubavuni mwake, amembana, hainuki. "Nai," akaniita bila kupaza sauti, "ingiza chungu ndani." Nikaingiza. Ile mbege iliyobaki kwenye kata kubwa akaishika yeye, akawa anainywa polepole, mbele yao, kama hana haraka na dunia. Mtu akinyoosha mkono, anakuta kata iko mdomoni kwake. Halafu, katikati ya makelele, akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Zakaria, hivi yule ng'ombe wako ameshazaa?" Mtu ana kiganja kwenye koo la mwenzake, anaulizwa habari ya ng'ombe! Akasema, "Bado, mama." "Amebakiza siku ngapi?" "Nadhani ni wiki hii." Na ukishaanza kujibu habari ya ng'ombe, jamani, ngumi inakuwa nzito. Wale kumi wakaanza kukaa mmoja mmoja.

Jioni tunaosha vyombo nikamwuliza, mama, kwa nini huwatenganishi? Akasema, "Mwanangu, ugomvi hauishi kwa ngumi. Ugomvi unaishi kwa pombe inayoushibisha na mtu anayeuonyesha. Ondoa hivyo viwili, halafu waulize habari za nyumbani. Wenye ngumi watachoka wenyewe." Lakini msidhani alizima kila kitu. Kuna siku aliingia mwanamume amemfuata mkewe, anampiga mbele za watu. Watu wakainuka. Mama Aikaeli hakuondoa chungu, hakumkalisha Loti. Alikaa jikoni anapepeta ulezi mpaka yule bwana akatolewa mzobemzobe akatupwa kwenye mfereji. Nikamwambia, leo mbona hukuzima? Akasema, "Nikizima kila siku, si wabaya wote watahamia kwangu?"

Basi huyo ndiye mtu ambaye ugonjwa ulimkuta. Mimi ndiye niliyeuona kwanza. Aliegemeza mkono kwenye pipa la moto, hapa chini ya kiwiko, nyama ikababuka nikasikia harufu, na yeye anaendelea kunisimulia habari za harusi. Nikapiga kelele. Akauangalia ule mkono kama ni wa mtu mwingine. Palikuwa na baka pale, limepauka, la siku nyingi, yeye alidhani ni mba. Tukateremka zahanati, nesi akampitishia unyoya wa kuku juu ya lile baka, mama mwenyewe amefumbishwa macho. "Unasikia?" "Bado hujaanza, nesi." Kumbe ameshapitisha mara tatu. Ukoma. Nesi akasema dawa ipo, ya bure, na akishaanza kumeza hawezi kumwambukiza mtu, lakini nani mlimani atakubali kunywa mbege ya mkono wenye ukoma? Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yake: ule mkono ndio shamba lake, ndio mume wake, ndio ada ya Aikaeli. Nikalivua lile koti langu jekundu nikamvalisha palepale nje ya zahanati. Mikono mirefu mpaka kwenye vidole. Akarudi nyumbani anatoa jasho kama mimi siku ya kwanza. Wanywaji wakamwuliza, "Mama Aikaeli, vipi, bunge limeanza?" Akawajibu, "Limeanza, na wewe ndiye hoja ya kwanza." Hakuna aliyejua.

Kutunza dawa akanipa mimi kwa sababu mimi nilijua namba. Miezi minne alimeza vizuri. Mkojo ukawa mwekundu, tukacheka, nesi alishatuambia. Mwezi wa tano, siku moja ya Jumatatu, yale mabaka yakaamka. Yalikuwa yamelala kimya miaka, sasa yakavimba, yakawa mekundu kama nyama ya buchani, na kiwiko cha kulia kikawa kinamuuma hata ukikipulizia. Sisi tukajua ugonjwa umerudi. Nesi akasema hapana, ugonjwa unakufa, hicho ni mwili wenyewe umeamka unapigana, na unapigana penye mshipa wa fahamu, kwa hiyo tuuzime mapema kabla haujaharibu mkono. Akatoa vidonge vingine, vidogo, vyeupe, vya kumeza vingi kwa siku halafu vinapunguzwa taratibu miezi kadhaa. Akanitazama mimi. "Wewe binti, hivi visiachwe ghafla, hata akijisikia mzima. Umenisikia?" Nikasema nimesikia. Nilisikia kweli. Ndilo linaloniuma.

Nilivitia kwenye kopo la majani ya chai nikaliweka darini juu ya jiko. Na vilimsaidia, wiki mbili tu maumivu yakashuka, kata ikarudi mkononi. Lakini akaanza kubadilika. Uso ukamviringika kama mwezi. Akawa anakula, Mungu wangu, anakula loshoro yangu bila hata kulalamika, ndipo nikaogopa! Usiku halali, asubuhi mkali, anamgombeza Aikaeli kwa kuvunja kikombe ambacho kilivunjwa na paka. Mama yule aliyezima ugomvi wa watu kumi kwa habari ya ng'ombe, sasa yeye ndiye ugomvi. Na kule nje nikawa nasikia maneno. Loti anasema, "Huyu mama anavimba. Siku hizi kila kibanda kinauza dawa, mtu anameza asichokijua." Mwingine anasema, "Shangazi yangu alianza hivyohivyo, uso mkubwa, wiki ya pili tukamzika." Nikalala nayo hayo maneno. Nikawaza kwa akili yangu ya la nne na ya kilabuni: nesi amesema ni ugomvi. Ugomvi unaishi kwa kinachoushibisha. Na kinachoingia mwilini mle kila siku ni nini? Ni yale ya kwenye kopo. Basi nikafanya alivyonifundisha mwenyewe. Nikaondoa chungu. Nikalitoa kopo juu ya jiko, nikalizika ndani ya gunia la ulezi mpaka kiwiko changu kikapotea, na asubuhi aliponyoosha kiganja nikamwambia, "Mama, nesi alisema hivi vyeupe vikifika hapa vimetosha." Akasema, "Ahsante Mungu." Akaniamini. Nikamwona anavyoniamini, nikajisikia nimefanya jambo kubwa.

Uso ulipungua kweli. Nilifurahi siku tano. Siku ya sita au ya saba akawa anakishikilia kiwiko akidhani simwoni. Hakuuliza dawa, maana alishaambiwa zimetosha. Kisha siku ya soko, benchi zimejaa, akaingiza kata kwenye chungu, akainua, na kata ikatoka mkononi ikaanguka. Haikumponyoka kwa haraka. Ilitoka taratibu, kama mtoto anayeteleza mgongoni. Mbege ikamwagikia miguu ya Zakaria. Watu wakacheka, "Mama amekunywa ya kwake leo!" Na yeye akacheka. Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona: kidole kidogo na cha pete vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na yeye anaviambia vinyooke, vinakataa. Nikaenda kwenye gunia la ulezi. Nikasimama pale. Sikuingiza mkono.

Kesho yake ilikuwa tarehe ya zahanati. Njia nzima nilipanga kusema. Tumefika, foleni ndefu, watu wote masikio. Nesi akaishika ile mikono, akavivuta vidole, uso ukambadilika. "Vile vyeupe viliachwa lini?" Akatuangalia wote wawili. "Nauliza, nani alisema viachwe?" Mimi nimefungua mdomo, haki ya Mungu nilikuwa nimeufungua, na Mama Aikaeli akasema, "Mimi. Niligoma. Vilikuwa vinaninenepesha." Nesi akamgombeza mbele ya watu kama mtoto aliyemwaga maziwa. Mtu mzima wewe, mbishi wewe, mkono huu ungepona, sasa umeuchezea. Yeye ameinamisha kichwa, amevaa koti langu, vifungo vya dhahabu vinang'aa, anasema, "Ni kweli nesi. Nisamehe nesi." Na maneno hayo ndiyo yaliyopanda mlima kabla yetu. Kufika jioni kijiji kizima kinajua Mama Aikaeli ana ukoma, na amegoma dawa.

Hakuniambia kitu njia nzima. Nilitaka anitukane. Kufika, nikachuma nyasi nikazishika kwa mikono miwili, nikapiga magoti mlangoni pa jiko, maana kwetu Waarusha ukimwendea mtu na nyasi mkononi unaomba amani, hakupigi. Akaziangalia zile nyasi. Akasema, "Sasa hizo nimpe nani, mbuzi?" Nikaanza kulia na kucheka pamoja, makamasi yananitoka. "Huku mlimani tunaleta isale. Nenda." Nikaenda kwenye mpaka, nikachuma jani la isale, nikalifunga fundo kama nilivyowaona wakifanya, nikarudi nikapiga magoti upya. Jani la isale halikataliwi. Akalipokea kwa mkono wa kulia, kwa makusudi, na vile vidole viwili havikuweza kulishika, likawa limeegemea tu. Akasema, "Ulikuwa unauzima." Nikasema ndio mama. "Basi. Lete kopo." Nikalitoa kwenye ulezi, akalipangusa, akalirudisha juu ya jiko, na lile jani akalichomeka pembeni yake. Tukaanza upya kuhesabu. Nikamwomba aniruhusu niwaambie watu. Akasema, "Ukisema leo, watakufukuza mlimani, na mimi nitabaki na mkono mmoja na nusu bila wewe. Mimi wameshanisema, mdomo wao umeshiba."

Wanywaji walipotea wiki tatu. Aliyerudi wa kwanza alikuwa Zakaria. Akakaa kwenye benchi tupu peke yake, akasema, "Ng'ombe wangu mwingine amezaa. Dume." Nikammiminia mimi. Na mahindi yalipokomaa kidole cha pete kilikuwa kimenyooka. Kile kidogo hakikunyooka tena. Mama Aikaeli akakigeuza kazi. Alikuwa anakitundikia mshikio wa kata kama ndoano kisha anamimina, na mbege haikumwagika hata tone, na watoto wa kijiji wakawa wanamwiga kwa kukunja vidole vyao.

Sasa kwa nini nayasema leo. Siku moja kabla ya mazishi tulikuwa tunachambua mchele kule nyuma, mimi na mjukuu wangu Neema. Neema anasomea kinga ya mwili, anashinda maabara akiangalia damu, na mimi napenda kumchokoza. Nikamwambia, hebu niambie, wewe msomi, kwa nini mwili wa mtu ujipige wenyewe? Akasema, "Bibi, mwilini kuna askari, tunawaita seli T. Kazi yao kupigana. Lakini kati ya hizohizo T kuna nyingine ambazo kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Zisipokuwepo, au zikizidiwa, askari wanachoma nyumba wakimtafuta mwizi." Nikaacha mchele. Nikamwuliza, hizo za kutuliza zinapigana na wale askari? "Hapana bibi, mara nyingi hapana. Zinaingia palepale kwenye nyama penye vita. Kuna kinywaji askari wanakihitaji ili waongezeke. Hizi zina kiu kuliko wao, zinakinywa zinakimaliza." Ungo ukaniegemea magotini. Nikasema, endelea. "Halafu kuna seli nyingine ambazo si za kupigana, zimeshika kipande cha adui zinawaonyesha askari ili waamke. Hizi za kutuliza zinazing'ang'ania, zinazinyang'anya ile alama ya kuamshia." Nikamwambia, Loti. Akasema, "Nani?" Nikamwambia endelea tu. "Na pia zinatoa kitu kama ujumbe, wa kuwaambia walio karibu wapoe."

Nikamwuliza, wanaulizwa habari ya ng'ombe? Mtoto akadhani bibi yake amechoka na msiba. Ndipo nikamweleza yote, jinsi Mama Aikaeli alivyokuwa anazima, neno kwa neno kama nilivyowaeleza ninyi. Neema akawa anacheka anapiga paja, anasema, bibi, mbona mwalimu wetu alitumia wiki nzima! Akaniambia tena kwamba na hizo za kutuliza zikizidi ni hatari, mdudu anapata pa kulala, ndiyo maana mwili unahitaji za kupigana na za kutuliza. Nikakumbuka yule bwana wa mferejini. Nikamwuliza na ule ukoma je. Akasema ya ukoma hawajayamaliza kuyajua, lakini wanadhani ni hivyo: dawa inaua wadudu, vipande vyao vinatapakaa, askari wanaviona wanaamka kwa hasira, na kwa wagonjwa wengine watulizaji wanakuwa wachache pale penye mshipa. Ndio maana nesi anatoa vile vyeupe. Vile ni kama mvua, vinawalowesha wote, wabaya na wema, mpaka vita vipoe. Hapo nikamwambia na ile nyingine. Kopo. Gunia. Sijawahi kumwambia mtu, hata babu yake alikufa hajui. Nikamwambia, nilidhani naondoa pombe. Neema aliurudisha mchele kwenye ungo. Ni mtoto mpole lakini ukweli haupindishi. Akasema, "Bibi, hukuondoa pombe. Ulimwondoa Mama Aikaeli."

Sikulala vizuri siku hiyo. Kwa hiyo mtaona nilikuwaje pale kwenye glovu, Upendo anakivuta kile kidole na anasema ubishi wa dawa, na wengine wanaitikia, na nje mchungaji ameshaandikiwa wasifu wa marehemu asome. Nikasema, "Mwache." Nilisema kwa sauti kubwa mno, wote wakageuka. Nikasema, "Kidole hicho usikinyooshe. Hakugoma dawa. Mimi ndiye niliyezificha, nikamdanganya kuwa nesi amesema zimetosha, na yeye akanibebea." Nje nikasikia kwaya wanahesabu moja, mbili. Upendo akasimama, bado ameshika glovu, akainyanyua juu kama bendera: "Jamani mmesikia? Mnaona? Yaani miaka yote hii mama wa watu anaitwa mbishi, kumbe..." Na wale wengine wakaanza kugeuka kuniangalia, mmoja mmoja.

Aikaeli akaweka kitana chini. Hakunijia mimi. Alimwendea Upendo, akaitoa ile glovu mkononi mwake, taratibu, akamwambia, "Maji ya kunawa yameisha kule nje. Nenda kaongeze, mama." Upendo akatoka. Aikaeli akawaambia wengine waangalie kama shada limefika. Wakatoka. Akakaa kando yangu, amejibana kwenye kiti changu, bega kwa bega, na mimi nangoja anitukane. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Dada Nai, hivi wewe bado unashona?"

Nikasema nashona, ila macho.

Akanitungia uzi kwenye sindano. Nikakipasua ubavuni kile kidole cha glovu, nikakikunja kuelekea kiganjani, nikakishona hivyo kilivyo, mishono midogomidogo, mpaka mkono ukaingia wote bila kulazimishwa. Ukakaa kifuani kwake vizuri, kidole kimejikunja ndani ya kitambaa cheupe, kinangoja kata.